Faili la Shangazi Mei-chih na Lori la Taka

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikigundua kwa Tung Li-kai kilikuwa mikono yake. Kila alipomaliza kuandika amri kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe cha mwisho, aliinua mikono yote miwili juu, viganja nje, kama mwizi aliyekutwa jikoni na sufuria ya watu. Aliiacha hewani mpaka kompyuta imalize kazi. Mgeni aliyemwona kwa mara ya kwanza katika kibanda cha mama yake, mjini Chiayi, alidhani polisi wameingia, akageuka kutazama mlangoni. Wenyeji waliendelea kula.

"Msimjali," mama yake aliwaambia wageni, huku akimimina mafuta ya bata mzinga juu ya wali. "Anaogopa kuisumbua ikiwa kazini. Laiti angekuwa na adabu hiyo kwangu mimi."

Li-kai, ambaye mtaa mzima ulimwita A-Kai, alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alichambua nyama ya bata mzinga. Mchana, wateja walipopungua, alikaa kwenye meza ya nyuma, karibu na sufuria ya supu, akailea Sao.

Sao ilikuwa programu isiyo na sura. Haikuwa na picha, haikuwa na vitufe vya rangi, haikuwa hata na neno la kukukaribisha. Ulifungua dirisha jeusi, ukaandika mstari mmoja wa amri: kila penye neno hili weka lile, na faili ni hili hapa. Sao iliingia ndani ya faili, ikafagia kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ikatoka kimya. A-Kai aliiandika alipokuwa mwanafunzi, akaigawa bure kwa ulimwengu. Ulimwengu uliipokea au haukuipokea, hakujua vizuri, kwa sababu watumiaji wa programu ni kama wagonjwa wa meno: humkumbuka mganga siku ya maumivu tu. Mara moja moja barua ilitoka nchi ya mbali, mtu asiyemjua akimuuliza juu ya nukta.

Hata hivyo alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alijivunia bila kuombwa.

"Sao haijawahi kupoteza hata herufi moja ya mtu," alimwambia mteja aliyekuwa ameomba pilipili.

Mtumiaji pekee ambaye A-Kai alimjua kwa uso alikuwa Shangazi Mei-chih wa nyumba ya pembeni. Hawakuwa na udugu wowote, lakini katika uchochoro ule kila mwanamke wa rika la mama yako ni shangazi yako, upende usipende. Mume wake, Bwana Chuang, aliongoza kundi la maigizo ya vikaragosi, vile vya kuvalishwa mkononi, vyenye nguo za hariri na hasira nyingi. Shangazi ndiye aliyeandika michezo kwenye kompyuta, ili maneno yapite kwenye ubao wa taa kando ya jukwaa na vijana wasioelewa lugha ya wazee wapate kufuata.

Tatizo lilikuwa Bwana Chuang mwenyewe. Alibadilisha mawazo kama mtoto anayebadilisha upande wa kulalia. Asubuhi jemadari aliitwa Simba wa Kaskazini. Adhuhuri aliitwa Radi ya Magharibi. Jioni hakuwa jemadari tena, alikuwa mtawa mwenye jicho moja. Kila badiliko lilitakiwa lifanyike katika mchezo mzima, na mchezo ulikuwa mrefu kuliko msimu wa mvua. Bila Sao, Shangazi angekwisha kumvunjia mumewe kikaragosi kichwani.

Kwa hiyo A-Kai alishtuka siku alipomwona akiingia kibandani Jumanne mchana bila hata kuvua kofia ya pikipiki.

"A-Kai!"

"Naam, Shangazi. Umekula?"

"Nitakulaje? Faili langu limekuwa tupu."

"Tupu kivipi?"

"Tupu kama kichwa cha mume wangu kabla ya chai. Nimelifungua, hamna jemadari, hamna binti wa mfalme, hamna hata nukta."

"Shangazi, haiwezekani. Sao haijawahi..."

"Usiniimbie wimbo huo. Jana Jumatatu, tupu. Juzi Jumapili, zima. Jumamosi tupu, Ijumaa tupu, Alhamisi tupu. Jumatano zima kama yai. Jumanne tupu. Niendelee?"

A-Kai aliweka kisu chini. "Jumatano na Jumapili liko zima?"

"Zima kabisa."

"Basi programu yako inafanya kazi siku mbili kwa wiki," mama yake alisema kutoka kwenye sufuria. "Ipelekeni ofisi ya serikali, itapandishwa cheo."

Wateja walicheka. Shangazi Mei-chih hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akavua kofia, na nywele zake zikasimama kama zenye hasira zao wenyewe.

"Sikiliza, mwanangu. Kila asubuhi naweka nakala kwenye flashi, kwa hiyo sijapoteza mchezo wote. Lakini kila jioni napoteza kazi ya siku nzima. Sherehe ya Babu wa Ardhi inakaribia. Sitampelekea mungu ubao mtupu. Unamjua Yu-teng, mtoto wa dada yangu?"

A-Kai alimjua. Yu-teng aliuza programu zenye vitufe vya rangi, na moja ilikuwa na paka pembeni aliyekutabasamia ulipohifadhi faili.

"Ananibembeleza tangu mwaka mpya. Mimi namwambia, hapana, nina Sao ya A-Kai, ni ya jirani. Sasa nitamwambia nini? Ikiendelea hivi, nachukua paka."

Akaondoka. A-Kai alibaki akiutazama wali usioliwa. Kama Shangazi Mei-chih angeiacha Sao, basi katika dunia hii Sao isingekuwa na mtumiaji hata mmoja ambaye angeweza kumpungia mkono. Miaka yake yote ya kuilea ingekuwa sawa na mtu anayefagia ua wa nyumba iliyohamwa.

Alikagua Sao mchana ule wote. Aliilisha mafaili marefu, mafupi, yenye herufi za ajabu. Aliinua mikono, akaishusha, akaiinua tena. Kila mara faili lilitoka zima. Alifikiria umeme wa Jumatano. Alifikiria mwezi. Kwa muda mfupi alimfikiria Bwana Chuang kwa nia mbaya. Mwishowe akafanya kile ambacho mtu wa Chiayi hufanya akili inapogota: alikwenda kumuuliza Babu wa Ardhi.

Hekalu la mtaa halikuwa kubwa kuliko duka la viatu. Babu alikaa ndani na ndevu zake nyeupe, akinukia ubani na mandarini. Unamweleza shida yako, kisha unaangusha sakafuni vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kina upande bapa na upande wa mgongo. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, Babu amesema ndiyo. Vyote vikionyesha mgongo, amesema hapana. Vyote vikionyesha upande bapa, Babu anacheka.

"Babu," A-Kai alinong'ona, "je, kosa ni la Sao?"

Akaangusha. Babu alicheka.

Akauliza tena, kwa heshima zaidi, akitaja jina lake kamili na anwani. Babu alicheka. Akauliza mara nyingine akiwa amepiga magoti. Vipande viliruka, vikazunguka kama vinavyofikiri, vikatulia. Babu alicheka tena.

Mwanamke aliyesubiri nyuma yake, ambaye alikuja kuulizia namba za bahati nasibu, alishindwa kuvumilia. "Kaka, umemuuliza nini? Mimi nimekuja hapa miaka na miaka, sijapata kumwona amefurahi hivi."

"Nimemuuliza kama kosa ni la programu yangu."

"Programu umeitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi unamuuliza kama kosa ni la mtoto? Uliza vizuri, wenzio tuna shida za kweli."

A-Kai aliviokota vipande. "Babu, kosa ni langu?"

Vipande vilianguka, kimoja hivi, kimoja vile, papo hapo, bila hata kuzunguka.

"Umeona?" yule mwanamke alisema. "Sasa sogea."

Jioni ile ile A-Kai alikwenda nyumbani kwa Shangazi Mei-chih, akaomba akae nyuma yake amtazame akifanya kazi, kama anavyofanya siku zote, asibadilishe chochote.

"Nijifanye hupo?"

"Kabisa, Shangazi."

"Si vigumu," alisema Bwana Chuang kutoka kwenye kochi, kikaragosi mkononi. Kikaragosi kiliinama, kikamsalimu A-Kai.

Shangazi aliandika amri. Simba wa Kaskazini alitakiwa awe Radi ya Magharibi, tena. Akabonyeza. Sao ikaanza. Ilikuwa polepole, maana kompyuta ya Shangazi ilikuwa kongwe, na A-Kai aliiumba Sao iwe na uangalifu wa kupindukia: kila mstari iliukagua mara mbili kichwani kabla ya kugusa unaofuata. A-Kai aliinua mikono juu. Shangazi alimenya pera.

Hapo ndipo muziki wa piano ulipoingia kutoka mtaani, ukipigwa na spika iliyochoka.

Shangazi Mei-chih alisimama kama askari. Mkono mmoja ulizima jiko. Mwingine ulizima feni. Kisha, bila hata kutazama, vidole viwili vikagonga vitufe vya kukatiza kazi ya kompyuta, tap, na kazi ikakatika.

"Shangazi!" A-Kai alipiga kelele. "Umeikatiza!"

"Lori halingoji mtu! Shika hii!"

A-Kai akajikuta amebeba ndoo ya mabaki ya chakula, anashuka ngazi na kandambili zisizo zake. Uchochoro wote ulikuwa mbioni. Mwalimu wa hisabati alikimbia na mifuko miwili, mama mjamzito alitembea kwa haraka yenye heshima, na mama yake A-Kai mwenyewe alikuwa mbele ya wote, akisukuma mapipa ya mifupa ya bata mzinga. Lori la manjano la taka lilikata kona polepole, likiimba muziki ule ule wa piano. Katika mji ule taka hazilali barabarani: unazipeleka lorini kwa mkono wako au unalala nazo.

A-Kai alisimama nyuma ya lori, ndoo kifuani, mdomo wazi. Lori lilikuja Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumatano na Jumapili halikuja. Hakuna mtu yeyote mjini aliyehitaji kuambiwa jambo hilo, na ndiyo sababu hakuna aliyelitaja.

"Lori la taka!" alisema kwa sauti.

"Hongera," alisema kijana wa taka aliyening'inia nyuma ya lori. "Na hiyo ndoo unaitupa au unaisomea?"

Kwa msisimko A-Kai aliimwaga kwenye sehemu ya karatasi za kutumika tena. Maneno aliyoambiwa na yule kijana hayafai kuandikwa hapa, lakini yaligusa masomo yake na jinsi ada ilivyopotea bure.

Walirudi juu. Shangazi alifungua faili. Tupu.

"Lakini Shangazi, kwa nini unaikatiza?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Wewe ukitoka nyumbani unaacha jiko likiwaka? Mama mkwe wangu alinifundisha: ukitoka, hakuna kitu kinachobaki kikifanya kazi ndani ya nyumba."

"Isipokuwa mimi," alisema Bwana Chuang.

"Wewe hufanyi kazi."

A-Kai alitaka kusema kwamba kosa ni la anayekatiza. Maneno yalifika kwenye ulimi, akakumbuka vile vipande viwili vilivyoanguka bila kuzunguka, akayameza. Kwani ni kweli: tangu siku ya kwanza, Sao ilisoma faili lote ikaliweka kichwani, kisha ikalimwaga faili la zamani, ikaanza kutayarisha jipya kichwani mstari kwa mstari, na kuliandika mahali palepale mwishoni tu. Ni sawa na mpishi anayemwaga wali wa jana kabla wa leo haujaiva. Ukimwita nje katikati ya mapishi, familia inakula hewa. Na uangalifu wake mwingi ulizidisha madhara, kwa kuwa ulichelewesha kazi, hasa kwa mchezo mrefu kama huu, na kulipatia lori nafasi ya kutosha. Yeye hakuwahi kuliona hilo kwa sababu Sao ikiwa kazini alikuwa ameinua mikono. Jioni mama yake ndiye aliyekimbilia lori.

Jumatano na Alhamisi hakuchambua bata mzinga. Aliibomoa ile sehemu ya Sao inayoandika mafaili, akaijenga upya. Sao mpya ingeandika kila kitu kwenye faili la muda, kando ya la zamani, bila kuligusa la zamani hata kidogo. Ingelifunga, ingehakikisha kwamba diski imelipokea lote, na hapo tu ndipo ingebadilisha majina kwa pigo moja: jipya linachukua jina la zamani, la zamani linaaga. Ukikatiza katikati, la zamani bado limekaa pale, limekunja nne.

Ili ajaribu kama inavyotakiwa, alirekodi muziki wa lori kwenye simu, akaupiga kibandani kwa sauti kubwa, akakatiza Sao. Faili lilibaki zima. Alifurahi mno hata hakusikia miguu nje. Alipoinua macho, uchochoro ulikuwa umejaa watu wenye mifuko, wakitazama kona isiyo na lori. Mama yake alikuwa katikati yao na mapipa yake.

"Nani amepiga?" aliuliza mwalimu wa hisabati.

Wote walimtazama A-Kai. Simu ilikuwa bado inaimba.

"Nilikuwa najaribu programu..."

"Nimeshuka ghorofa zote kwa sababu ya programu?" alifoka mama mjamzito. "Piga tena uone. Lori likija kweli, tutakutupa wewe."

Mama yake aligeuza mapipa yake, akaondoka. Usiku ule alimpa wali mtupu, bila nyama.

Lakini Alhamisi adhuhuri aliiweka Sao mpya kwa Shangazi Mei-chih, na faili likavuka jioni likiwa zima. Ijumaa, siku ya mazoezi mbele ya hekalu, A-Kai alivaa shati lenye kola na kukaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, akisubiri kupongezwa.

Taa ziliwaka. Jemadari, sasa akiitwa Radi ya Magharibi, alipanda jukwaani akiwa na upanga. Baba yake ameuawa. Bwana Chuang, aliyejificha chini ya jukwaa, alinguruma kiapo cha kisasi kilichofanya ubani utetemeke. Na kwenye ubao wa taa, kwa herufi nyekundu, yakapita maneno: "Kilo ngapi, mama? Nikuwekee na mifupa?"

Mtu mmoja akakohoa.

Binti wa mfalme aliingia, akaanguka juu ya kaburi, akalia. Ubao ukasema: "Nyama ya jana naipunguza bei."

Mbele ya hekalu watu walivunjika mbavu. Mwanamke wa namba za bahati nasibu alishuka kwenye kiti na kukaa chini kabisa. Bwana Chuang, ambaye hakuweza kuuona ubao, alidhani sanaa yake imewagusa watu kwa namna mpya, akaongeza kilio. Kadiri binti wa mfalme alivyolia, ndivyo ubao ulivyouza utumbo.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla Bwana Chuang hajabadilisha mawazo, jemadari alikuwa muuza nyama ya nguruwe. Ubao ulikuwa umebaki na maneno ya asubuhi ile.

"Mhandisi!" Shangazi Mei-chih alimshika A-Kai kola. "Umenitibu jicho ukanivunja mguu! Kwenye kompyuta yangu maneno ni mapya. Kwenye ubao ni ya zamani. Imekuwaje?"

A-Kai alitazama, akakaa chini pale pale, laptopu ya Shangazi juu ya magoti. Kumbe lile faili halikuwa faili. Lilikuwa kiungo tu, jina lisilo na mwili, linaloelekeza kwenye faili halisi ndani ya kisanduku cha ubao wa taa. Fundi wa taa ndiye aliyeliweka hivyo ili Shangazi asihangaike kunakili. Ni kama karatasi iliyobandikwa mlangoni: tumehamia nyumba ya tatu. Sao ya zamani, pamoja na ujinga wake wote, iliisoma karatasi na kwenda nyumba ya tatu. Sao mpya ilikuwa imebandua karatasi, ikajenga nyumba mpya pale pale mlangoni, ikaingia, ikalala. Tangu siku hiyo kila badiliko lilifika kwenye nyumba mpya, na nyumba ya tatu ikabaki inauza nguruwe.

"Ni kosa langu," alisema.

"Hilo Babu alishakwambia," alisema mwanamke wa bahati nasibu kutoka sakafuni, akijifuta machozi.

Shangazi Mei-chih alimwachia kola. Hasira ilikuwa imempungua, na A-Kai aliona kwamba kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi: uchovu.

"A-Kai, mimi nakupenda kama mwanangu. Lakini Jumatatu jioni Yu-teng anakuja kwangu na paka wake. Lori likija, nitakatiza kazi kama siku zote. Nikirudi, nafungua faili, natazama na ubao. Maneno yakiwa ya zamani yote au mapya yote, sawa, pande zote mbili zilingane tu. Nikikuta utupu, au nikikuta nguruwe, Yu-teng anaweka programu yake usiku huo huo na sitaki tena kusikia habari za Sao. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Shangazi."

Alifanya kazi Jumamosi na Jumapili nzima. Sasa Sao kwanza ingeuliza: wewe ni faili au karatasi ya mlangoni? Kama ni karatasi, ingeifuata mpaka mwisho wa safari, hata ikielekeza kwenye karatasi nyingine. Faili la muda ingelitengeneza huko huko, kando ya faili halisi, na kubadilisha majina huko huko. Ikikatizwa, ingefuta lile la muda na kuondoka bila kuacha hata unyayo. Kuhusu muziki, alijaribu akiupiga ndani ya blanketi, na bado mama yake alikohoa nyuma ya ukuta kwa onyo.

Jumatatu jioni sebule ya Shangazi Mei-chih ilijaa. Ubao wa taa ulikuwa umeletwa na kuegeshwa dirishani. Yu-teng alikaa kwenye kochi, shati jeupe, tabasamu kama la paka wake. Mama yake A-Kai alikuwa amefunga kibanda mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya tufani, na alisimama mlangoni na mapipa yake akidai kwamba amepita tu. Ngazi zote zilijaa majirani wenye mifuko.

Bwana Chuang aliamua kwamba Radi ya Magharibi aitwe Tai wa Milima Saba. Shangazi aliandika amri, akabonyeza, akaweka vidole viwili juu ya vitufe vya kukatiza. A-Kai aliinua mikono.

Sao ilianza kuandika. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Masikio yote yaligeukia dirishani.

Lori halikuja.

"Leo limechelewa," alinong'ona mwalimu wa hisabati.

"Halijawahi kuchelewa," alijibu mama mjamzito, kwa uchungu wa kweli.

"Mama mdogo," Yu-teng alisema, "kwa nini usikatize sasa hivi tu tumalize? Kompyuta haijui kama lori lipo."

"Kompyuta haijui, mkono wangu unajua. Bila lori sijawahi kuikatiza, sitaanza leo. Mkinidanganya leo, kesho itanimwagia tena."

"Kuna ule muziki kwenye simu ya A-Kai..."

"Thubutu!" ngazi zote ziliitikia kwa pamoja.

Sura zilikuwa zinakaribia kuisha. A-Kai aliona hatari mpya ambayo hakuifikiria: Sao ikimaliza kabla ya lori kufika, hakutakuwa na kitu cha kukatiza, na jaribio litakuwa si jaribio. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko vilivyo hewani. Sao ikamaliza, kimya, kwa adabu, kama kawaida yake.

"Imeisha," alisema Yu-teng, akifungua mkoba.

"Bado!" Mama yake A-Kai alimgeukia Bwana Chuang. "Wewe mzee, badilisha kitu!"

"Mimi?" Bwana Chuang alishangaa. Katika ndoa yake yote hakuwahi kuombwa jambo hilo. "Nibadilishe?"

"Badilisha!" Shangazi Mei-chih alisema. "Haraka!"

Bwana Chuang alikivaa kikaragosi mkononi ili afikiri vizuri. Tai wa Milima Saba akawa Chui wa Bonde la Ukungu. Shangazi akaandika, akabonyeza, akarudisha vidole mahali pake. Sao ikaanza tena. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Chini mtaani mbwa alibweka, na mama mjamzito akashika mfuko wake vizuri. Ilikuwa pikipiki.

"Andaa jina jingine," Shangazi alimnong'oneza mumewe, macho yakiwa dirishani.

"Ninayo mengi," alisema Bwana Chuang.

Sura ya tano. Sura ya sita. Mahali fulani mbali, upande wa sokoni, kitu kilianza kuimba, au labda ilikuwa redio ya mtu. Hakuna aliyepumua. A-Kai, mikono juu, alifumba macho ili asikie vizuri zaidi.